Viwanja Visivyosifiwa na Kiwanja cha Mseto

Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni, ambako mnunuzi hulitwaa embe mkononi, akalinusa, akalibonyeza kwa kidole, ndipo akatoa fedha yake. Katika historia si kweli sikuzote. Yako mambo mazuri yaliyokaa miaka mingi bila ya kupata mnunuzi, na yako mengine ya wastani yaliyouzwa kwa bei kubwa kwa sababu yalipata mpiga mbiu hodari. Nataka, msomaji, tuipime methali hii pamoja kwa jambo ambalo huenda hukulitazamia katika kitabu cha insha, nalo ni viwanja vya gofu vilivyo pande za Kitisuru na viunga vingine vya Nairobi.

Usifunge kitabu kwa kudhani kwamba mchezo huu ni wa watu wachache na kwa hiyo haukuhusu. Kiwanja kamili cha gofu huchukua ekari mia moja na zaidi, na katika mji ambao ardhi imekuwa haba kama Nairobi, ekari mia moja ni neno zito. Mtu akisema kwamba kiwanja hiki ni bora na kile ni duni, anasema pia, bila ya kujua, ni ardhi ipi inastahili kutunzwa na ipi inaweza kukatwa vipande ikajengwa nyumba. Kwa sababu hiyo hukumu ya viwanja ni sehemu ya historia ya mji, na historia ya mji ni mali yako hata kama hutashika fimbo ya gofu maisha yako yote.

Kwa yule asiyeujua mchezo, nitaeleza kwa ufupi. Mchezaji huupiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia mpaka utumbukie katika shimo lililochimbwa mbali, kwenye majani yaliyokatwa mafupi sana. Anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Neno shimo hutumika pia kwa safari nzima, tangu mahali pa kuanzia hadi shimo lenyewe, na kiwanja kamili kina mashimo 18. Katikati ya safari hiyo kuna miti, vijito, miteremko na mitego ya mchanga. Mpangaji wa kiwanja ndiye anayeamua mambo haya yatakuwa wapi, nasi tukikihukumu kiwanja twaihukumu kazi yake na ardhi aliyopewa.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Kitisuru iko kaskazini magharibi ya katikati ya Nairobi. Ardhi ya upande huu ni migongo na mabonde yanayofuatana, udongo wake ni mwekundu, na vijito vyake hushuka kutoka nchi ya juu vikielekea mashariki. Zamani za ukoloni kahawa ililimwa katika migongo hiyo. Mahali hapa ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na mpira uliopigwa hapa huruka mbali kuliko mpira uliopigwa kwa nguvu ile ile Mombasa.

Klabu zenye jina kubwa katika mji huu zilianzishwa mapema. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa bado kambi ya reli iliyoanza kukua, na mwaka 1935 Mfalme George wa Tano wa Uingereza aliipa ruhusa ya kutumia cheo cha kifalme. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913. Klabu ya Karen ilifuata mwaka 1937. Katika zama hizo klabu kubwa za Wazungu hazikuwapokea Waafrika wala Wahindi kuwa wanachama. Mwafrika aliingia humo kama mpishi, mtunza majani, au mchukuzi wa mikoba ya wachezaji. Aliijua kila bonde na kila mteremko wa kiwanja kuliko bwana wake, lakini hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya ubora wa kiwanja hicho.

Baada ya uhuru likaongezeka jambo la pili, nalo ni mashindano makubwa. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967, na yamechezwa Muthaiga mara nyingi kuliko mahali pengine. Mwaka 1978 yalishindwa na Severiano Ballesteros wa Hispania, kijana ambaye mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza. Picha zikapigwa, magazeti yakaandika, na jina la kiwanja likasafiri pamoja na jina la mshindi.

Fikiri kidogo juu ya mambo hayo. Cheo cha kifalme, utajiri wa wanachama na mashindano makubwa vyote ni vitu vya heshima. Lakini hakuna hata kimoja kati yake kilicho katika udongo. Mfalme hakuja kuyapima mabonde kabla ya kutoa cheo. Mashindano huchagua mahali penye nafasi ya watazamaji, nyumba nzuri ya wageni na wafadhili. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kiwanja fulani ni bora kwa sababu ni mashuhuri, ameusifu mlango wala hajaingia ndani.

Jirani na Kitisuru, upande wa Kabete, kuna kiwanja ambacho jina lake halina taji. Huitwa Vet Lab, yaani maabara ya mifugo, kwa kuwa klabu hiyo ilianza kama mahali pa kupumzikia watumishi wa maabara ya serikali iliyokuwa Kabete. Wataalamu wa maabara hiyo walipigana na sotoka, maradhi yaliyokuwa yakifagia ng'ombe wa Afrika. Chanjo mojawapo iliyotumika sana katika vita hivyo ilipatikana kwa kuvipitisha virusi vya maradhi hayo katika miili ya mbuzi mpaka vikadhoofika, nayo ikajulikana duniani kwa jina la Kabete. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Hivyo kiwanja hiki kilizaliwa katika kivuli cha kazi kubwa, lakini kazi ya matabibu wa ng'ombe haina mvuto wa taji. Mashindano ya wachezaji wa ridhaa ya Kabete huchezwa hapo, na wachezaji wa nyumbani hukijua vizuri. Mgeni atokaye mbali huulizia kwanza Muthaiga na Karen.

Lipo na jambo la ajabu zaidi, ambalo limo katika majani tunayoyakanyaga. Majani yaitwayo ya Kikuyu ni mimea ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetoka kwa watu wa nchi hii ya Kabete na Kiambu. Hutambaa chini, husonga sana, na huuinua mpira juu ya uso wake pale yanapokatwa. Pale yanapoachwa marefu huumeza mpira kabisa. Katika karne ya 20 majani haya yalienezwa Afrika Kusini, Australia na Marekani. Kiwanja cha Riviera katika mji wa Los Angeles, ambacho hutajwa miongoni mwa viwanja vizuri vya Marekani, kimefunikwa na majani hayo. Hivyo wako watu wanaovuka bahari kwenda kuyasifu majani ya ugenini, na majani yenyewe yaliondoka hapa.

Ikiwa sifa si kipimo, kipimo ni nini? Mwaka 1966 jarida la Golf Digest la Marekani lilichapisha orodha ya viwanja 200 vilivyohesabiwa kuwa vigumu kuliko vyote nchini humo. Ilikuwa kazi ya uangalifu, lakini tazama swali lililoulizwa: vigumu. Mwenye kuuliza ni kipi kigumu hupewa kigumu, wala hapewi kizuri. Mwalimu anayetunga mtihani ambao hakuna mwanafunzi anayeufaulu hajathibitisha kwamba yeye ni mwalimu bora. Kila hukumu imefungwa na swali lililoizaa, na hili ni somo la kwanza la mwanahistoria.

Mimi nitatoa maswali manne. La kwanza, je, kiwanja kimeifuata ardhi yake au kimeilazimisha? Migongo na mabonde ya Kabete na Kitisuru ni kipaji. Mpangaji mwenye akili hukitumia kama seremala atumiavyo mkondo wa ubao. La pili, je, mchezaji hupewa nafasi ya kuchagua? Shimo zuri humwuliza swali: utapita juu ya kijito kwa pigo moja la hatari, au utazunguka kwa mapigo mawili ya salama? La tatu, je, kila shimo lina uso wake, au yote yamefanana kama matofali ya tanuri moja? La nne, je, kiwanja humfaa nani? Kile kinachompa furaha hodari peke yake ni pungufu kuliko kile ambacho mzee, kijana na mwanafunzi wa mchezo waweza kukicheza pamoja, kila mmoja akapata jaribu la kiasi chake. Katika maswali haya manne hapana swali la taji, wala la bei ya kuingia.

Hata mwenye maswali mazuri hana budi kuwa na subira. Mwaka 1921 Bobby Jones wa Marekani, ambaye baadaye alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote wa wakati wake, alikwenda St Andrews katika Scotland kucheza ubingwa wa wazi. Kiwanja kilimshinda na kumchukiza, akajitoa katika mashindano kwenye shimo la 11 la mzunguko wa tatu. Mwaka 1927 alirudi akashinda ubingwa huo mahali pale pale. Mwaka 1930 alishinda hapo tena ubingwa wa wachezaji wa ridhaa, na mwaka 1958 mji wa St Andrews ulimpa heshima ya kuwa mwenyeji huru wake. Kati ya chuki na mapenzi hayo kilima hakikuhama. Kilichobadilika ni macho ya Jones, kwa sababu alirudi. Ikiwa mtu kama huyo aliweza kukosea katika kuonana mara ya kwanza, mimi na wewe tupitaje mara moja kandokando ya ua wa Vet Lab, tukasema kwamba tumekijua?

Sasa tufike kwenye swali la pili la insha hii. Wengine husema: kwa nini tuhangaike kukipima kiwanja kimoja kimoja? Tuchague mashimo mazuri ya viwanja viwili, tuyaunganishe, tupate kimoja kilicho bora kuliko vyote viwili. Kiwanja cha namna hiyo nakiita kiwanja cha mseto, kwa mfano wa chakula kipikwacho kwa wali na choroko.

Fikira hii si ngeni. Namba 18, inayohesabiwa kama sheria ya mchezo wenyewe, ilipatikana kwa kuunganisha. Mzunguko wa St Andrews ulikuwa wa mashimo 22. Mwaka 1764 wachezaji wa huko waliyaona mashimo manne ya mwanzo kuwa mafupi mno, wakayafanya mawili. Na kwa kuwa mashimo yale yale yalichezwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, 22 yakawa 18. Dunia nzima ikafuata.

Mseto mashuhuri wa zama zetu uko Melbourne, Australia. Klabu ya kifalme ya mji huo ina viwanja viwili. Cha magharibi kilibuniwa na Alister MacKenzie, aliyefika huko mwaka 1926, kikafunguliwa mwaka 1931. Cha mashariki ni kazi ya Alex Russell, kikafunguliwa mwaka 1932. Mwaka 1959 klabu ilipewa mashindano ya Kombe la Kanada, yaliyokusanya wachezaji wa mataifa mengi. Taabu ilikuwa hii: barabara za watu wote zilipita kati ya baadhi ya mashimo, na haikufaa maelfu ya watazamaji kuvukavuka barabara zenye magari. Basi yakatwaliwa mashimo 12 ya magharibi na 6 ya mashariki yaliyokuwa ndani ya eneo moja, kikapatikana kiwanja cha mashindano. Tangu hapo mseto huo umesifiwa na kuhesabiwa miongoni mwa viwanja bora duniani. Lakini usisahau asili yake. Haukuzaliwa na tamaa ya kuchuma maua tu, bali na haja ya kuwaepusha watu na magari. Huko Brookline, Marekani, klabu yenye mashimo 27 nayo iliunganisha baadhi yake kwa ajili ya ubingwa wa wazi wa Marekani wa mwaka 1963, ili kiwanja cha zamani kipate nguvu ya kuwapima wachezaji wa siku hizo.

Faida za mseto ni dhahiri. Huondoa sehemu dhaifu, huleta aina mbili za fikira katika mzunguko mmoja, na hukiwezesha kiwanja cha kale kufanya kazi mpya bila ya kuharibiwa. Hasara zake pia zipo. Safari iliyopangwa na mtu mmoja ina mwanzo, katikati na mwisho, kama hadithi; ukitoa sura sita za hadithi moja ukazitia katika nyingine, yamkini kila sura itakuwa nzuri na hadithi ikakosa maana. Tena mseto huchezwa kwa siku chache za mashindano, kisha mashimo hurudi kwenye viwanja vyake. Sifa hubaki kwa mseto, na viwanja viwili vilivyouzaa husahauliwa, kama wazazi waliokaa nyuma siku ya harusi ya mtoto wao.

Hebu tujaribu kwa fikira. Tutwae mashimo matano ya Muthaiga, matano ya Karen, manne ya klabu ya kifalme na manne ya Vet Lab, tuyaite kiwanja bora cha Nairobi. Katika karatasi kitapendeza. Lakini mchezaji atahitaji gari kati ya shimo na shimo, na atatumia saa nyingi katika msongamano wa barabara kuliko juu ya majani. Wali wa sufuria moja na choroko za sufuria nyingine, hata vikiwekwa katika sahani moja, havijawa mseto, kwa sababu havikuivishana. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mseto ni jambo jema pale ambapo sehemu zake zimekaa juu ya ardhi moja, zinaweza kufuatana kwa miguu, na haja ya kweli imezikutanisha. Zaidi ya hapo ni mchezo wa kupanga majina.

Nchi yetu ina busara nyingine katika jambo hili, nayo pia husifiwa kidogo. Katika miji kama Nyeri na Kericho vilitengenezwa viwanja vya mashimo 9 tu. Mchezaji huvizunguka mara mbili, na safari ya pili mara nyingi huanzia mahali tofauti, ili shimo lililokuwa fupi liwe refu na lililokuwa jepesi liwe na swali jipya. Ardhi ile ile hutoa viwanja viwili. Watu wa mijini hucheka wakisema kwamba ni nusu ya kiwanja. Mimi naona kuwa ni ufundi wa mwenye shamba dogo apandaye mahindi na maharagwe katika mstari mmoja, asipungukiwe na chochote.

Nimebakiza neno moja juu ya watu. Mwaka 1913, mwaka ule ule Muthaiga ilipofunguliwa, ubingwa wa wazi wa Marekani ulichezwa Brookline. Aliyeshinda alikuwa Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 aliyewahi kuwa mchukuzi wa mikoba katika kiwanja hicho, na nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliwashinda Harry Vardon na Ted Ray, mabingwa wa Uingereza waliokuwa na sifa kubwa kuliko wote. Alikijua kiwanja kwa miguu yake. Mwaka huo huko kwetu wachukuzi wa mikoba walikuwa na miguu yenye ujuzi vile vile, lakini mlango wa mashindano ulikuwa umefungwa. Tukihesabu viwanja vilivyonyimwa sifa, tuwahesabu pia watu walionyimwa nafasi ya kuvipima.

Basi, msomaji, utakapopita Kitisuru au Kabete ukaona majani mabichi nyuma ya ua wa miti, usiulize kwanza kama mahali hapo ni mashuhuri. Uliza ardhi inakwenda wapi, maji yanapita wapi, nani aliyepanga, nani aliyefyeka, nani aliyeruhusiwa kuingia na nani aliyesimama langoni. Kiwanja kisichosifiwa ndicho kilicho rahisi kuuzwa kipande kipande, na mti ukishakatwa sifa ya kesho haiuoteshi tena. Vivyo hivyo shule isiyo na jina, kijiji kisichotajwa, na mzee asiyeandikwa katika kitabu. Kizuri hujiuza kwa mnunuzi aliyejifunza kutazama. Na kazi ya kujifunza hivyo ni yako, nawe una miguu ya kwenda na kurudi zaidi ya mara moja.